Maboresho ya Bustani ya Mikungu

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, mwenye simu aizime, maana habari hizi ni za nchi ya mbali, mbali sana, wala msianze kutazamana.

Nchi hiyo haina jina. Ilikuwa nalo, ila kila serikali iliyoingia ililiboresha. Likarefushwa, likafupishwa, likageuzwa nyuma mbele, mpaka wananchi wakachoka kulikariri, wakawa wanasema tu "hapa kwetu".

Basi hapo kwao palikuwa na mji mkuu, na katikati ya mji mkuu palikuwa na bustani. Bustani ya Mikungu haikuwa na makuu. Ilikuwa na mikungu yenye majani mapana kama sahani, nyasi zilizojiotea zenyewe, na mabenchi ya saruji yaliyolainika kwa kukaliwa. Watoto waliokota kungu wakazigonga kwa mawe wale kiini. Mama lishe waliokwisha kuuza walinyoosha miguu pale huku masufuria yakikauka juani. Na wazee waliostaafu walikuwa na benchi lao karibu na bomba, na mtu mwingine akilikalia alitazamwa mpaka anaondoka mwenyewe.

Mmoja wa wazee hao ni Mzee Songoro, mume wa Bi Mwanakheri.

Mzee Songoro alifanya kazi ya reli mpaka reli ikaisha. Alikuwa mtu mwema, ila nyumbani hakuwa na maneno. Ukimuuliza kama chai imekolea, anajibu kwa nyusi. Ukimwambia paa linavuja, anatazama paa. Lakini akishavaa kofia yake asubuhi na kwenda bustanini, weee! Huko alibishana habari za mpira, na bei ya papa mkavu, na nani alikuwa wa kwanza kuvaa suruali ya bogi mjini. Alijadili pia siasa za nchi nyingine, kwa kuwa za nchi yake zilikuwa zimeshajadiliwa na wahusika. Jioni alirudi mwepesi, akala wali mpaka akakwangua sahani, akalala akitabasamu. Kimya chake kilikuwa cha mtungi uliokwisha kumimina. Bi Mwanakheri hakuwa na ugomvi nacho hata kidogo.

*

Sasa, serikali ya nchi ile ilikuwa na Wizara ya Raha za Umma na Nafasi Zilizo Wazi. Kazi yake ilikuwa kutafuta nafasi zilizo wazi na kuhakikisha haziendelei kuwa hivyo. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Mapembe. Udaktari wake ulikuwa wa kupewa, na aliyempa alikuwa yeye mwenyewe, katika hafla fupi na ya kugusa moyo.

Siku moja gari la Mheshimiwa lilipita kando ya bustani. Akachungulia dirishani, akaona watu wamekaa. Usingizi ukampaa. Jioni ile ile alikuwa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "imebainika kwamba mnapumzika kiholela. Mnakaa bila mwongozo. Mnavuta hewa bila takwimu. Serikali yenu sikivu haiwezi kuendelea kulifumbia macho jambo hili!"

Ikaundwa kamati. Kamati ikasafiri kwenda kuona bustani za ng'ambo, ikarudi na begi moja la picha na mabegi mengine ya viatu. Mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi ukafanyika katika hoteli ya mji mwingine kabisa, ili wananchi wasisumbuliwe. Walikaribishwa wote, isipokuwa wale waliokuwa na maoni.

Kisha mpango ukatangazwa. Mikungu ingekatwa, kwa sababu kivuli chake hakikuwa na msimamo: asubuhi kiko huku, jioni kiko kule. Mahali pake pangejengwa vivuli vya zege. Nyasi zingeondolewa, maana kulikuwa na kibao cha "Usikanyage nyasi" na zilikuwa zimekanyagwa, kwa hiyo zimeshindwa kazi. Mabenchi yangeinamishwa kidogo kwa mbele, ili mwananchi akishapumzika vya kutosha ateleze mwenyewe kurudi kwenye ujenzi wa taifa.

Yalikuwepo pia matumizi mapya. Upande wa mashariki kingesimama Chuo cha Taifa cha Kupumzika. Upande wa magharibi ungekuwa maegesho ya magari ya walimu wa chuo. Katikati ingejengwa ofisi ya kamati, ili iangalie pande zote mbili. Walipomaliza kupima wakagundua kwamba bustani yenyewe imekosa mahali pa kukaa. Wakakuna vichwa. Mwisho wakaamua ichorwe.

Ndivyo ilivyokuwa. Bustani ikazungushiwa mabati marefu, na juu ya mabati mchoraji akachora bustani: mikungu ya kijani kuliko mikungu, ndege wasiojulikana, na mzee mmoja ameketi kwenye benchi akicheka mpaka magego yanaonekana. Mheshimiwa Mapembe akaja kuzindua Kufungwa. Akakata utepe, bendi ikapiga, lango likatiwa kufuli kwa heshima zote.

"Kuanzia leo," akatangaza, "bustani hii iko wazi kwa mipango!"

Watu wakapiga makofi. Polisi walikuwa wengi siku ile, na makofi ni mazoezi mazuri ya mikono.

*

Kesho yake Mzee Songoro alivaa kofia, akaenda, akakuta mabati. Akasimama mbele ya yule mzee wa kuchorwa. Wakatazamana. Halafu akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti akielekea ukuta.

Bi Mwanakheri alidhani yatapita. Hayakupita. Sahani ikawa inarudi jikoni na wali wake. Usiku mzee alilala macho wazi. Kimya chake sasa kilikuwa kimya kingine: cha mtungi uliozibwa mdomo na maji yamo ndani.

Mkewe akajaribu yote. Akawaalika rafiki zake wa bustanini, akapika chai ya tangawizi na vitumbua. Wazee wale wakaketi sebuleni wamebana magoti kama wachumba waliokuja kuposa, wakitazama kitambaa kilichofunika televisheni, maana kwenye nyumba ya mtu na mke wake yupo, utabishana vipi kwa kupiga meza? Wakasema vitumbua vizuri. Wakaaga.

Akajaribu kumchokoza. "Mzee, nasikia ile timu yako ya mpira siku hizi hata watoto wa madrasa wanaifunga."

Kimya.

"Tena wanaifunga wamevaa kanzu."

Zamani angalau angepandisha nyusi. Safari hii hata nyusi zilikaa. Hapo ndipo Bi Mwanakheri alipoogopa kweli. Alitoka nje na upawa mkononi, akamkuta jirani yake, Mama Chausiku, anaanua nguo.

"Shoga, wangu ananiondokea huku namwona," akasema. "Hasemi, hali."

"Hee! Wangu je? Tangu wafunge bustani anashinda jikoni kwangu. 'Mbona moto mwingi? Mbona sukari mbili?' Jana kaniuliza kitunguu kinakatwaje hivyo. Miaka yote hii anakila!"

"Bora wako anauliza."

Mama Chausiku akamtazama usoni, akaacha mzaha. "Nenda wizarani, dada. Kawaambie."

*

Wizarani alipokewa na afisa kijana, Bwana Lwitiko, aliyevaa tai yenye picha ya Waziri.

"Shikamoo, bibi. Karibu kiti." Kiti hakikuwepo, ila lilikuwa neno zuri.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya mume wangu. Amenyamaza tangu mlipofunga bustani."

Uso wa Bwana Lwitiko ukachangamka. "Amenyamaza kabisa?"

"Kabisa."

"Bibi, hongera! Ofisi hii kutwa inahangaika na watu wanaosema. Mume anayenyamaza bila kuambiwa ni raia wa kupigiwa mfano. Subiri, namtafutia nishani."

"Sitaki nishani, mwanangu. Nataka benchi."

"Mabenchi yako kwenye awamu ya nne."

"Na sasa ni awamu ya ngapi?"

"Sasa tuko kwenye maandalizi ya kukaribia ya kwanza. Jumatatu tunakata miti."

Bi Mwanakheri akashika ukingo wa meza. Benchi hata likirudi, bila mikungu nani atakaa juani? "Nikimwambia Mheshimiwa mwenyewe?"

"Una bahati. Jumamosi ni Siku ya Kusikiliza, anakuja pale pale bustanini, na redio inatangaza nchi nzima."

"Basi nitasema."

"La hasha, bibi! Mwaka jana watu walisema, Mheshimiwa akashindwa kusikiliza. Mwaka huu haturuhusu. Kuna burudani ya utamaduni tu: ngoma za kusifu, mashairi ya kusifu, na vitendawili." Akainama, akanong'ona. "Mheshimiwa anavipenda sana. Alilelewa na bibi yake, hajawahi kukosa hata kimoja. Wewe tuachie kitendawili chako na jibu lake mapema, sisi tutamfikishia."

Bi Mwanakheri hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini vitendawili alivilamba pamoja na uji. Akamwachia Bwana Lwitiko kile cha yai, ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua.

"Safi!" akasema Bwana Lwitiko, akiandika kwa makini. "Yai. Hiki kigumu."

*

Jumamosi lango likafunguliwa. Jukwaa lilikuwa limepambwa kwa maua ya plastiki, kamati imeketi kwa vyeo, na Mheshimiwa Mapembe yuko katikati, pembeni yake mkewe, mama mnene aliyejifunga kilemba cha dhahabu na tabasamu la kazini. Watu walijaa mpaka kwenye njia. Nyuma ya bustani mashoka yalikuwa yameshalazwa mstari mmoja, yanang'aa, yanangoja Jumatatu.

Mheshimiwa alisikiliza wimbo wa kumsifu. Akasikiliza shairi la kuusifu wimbo. Halafu mshereheshaji akamleta Bi Mwanakheri mbele ya kipaza sauti.

"Bibi yetu huyu ana kitendawili! Mheshimiwa, uko tayari?"

"Mimi?" Mheshimiwa akacheka, akalegeza tai. "Mwambieni bibi asinionee huruma."

"Kitendawili!" akaita Bi Mwanakheri.

"Tega!" ikaitika bustani nzima, na Mheshimiwa kwa sauti ya juu kuliko wote.

"Ndani bubu, nje kasuku."

"Yai!" akasema Mheshimiwa papo hapo.

Kamati ikasimama na kupiga makofi. Mjumbe mmoja alijifuta chozi.

"Siyo yai, Mheshimiwa mwanangu," akasema Bi Mwanakheri taratibu.

Makofi yakafa moja moja. Mheshimiwa akamtazama Bwana Lwitiko. Bwana Lwitiko akatazama viatu vyake.

Upande wa wanawake kulikuwa na mambo. Tangu lile neno "bubu" walikuwa wameanza kusukumana viwiko, kanga mdomoni. Mama Chausiku alikuwa amejiinamia anatetemeka mabega. Upande wa wanaume, Mzee Songoro akiwemo, walikuwa wamekunja nyuso kama wanaopiga hesabu ya mirathi.

Katibu akamnong'oneza Waziri. "Redio!" akasema Mheshimiwa.

"Redio yangu inasema hata ndani, mwanangu. Tena leo inakusema wewe."

Mtaalamu wa kamati akainuka. "Ni simu! Ndani haina mtandao, nje unapatikana." Watu wakamshangilia, maana ilikuwa kweli tupu. Lakini siyo.

"Ni wapinzani!" akaropoka mjumbe wa mwisho kabisa. "Ndani ya nchi bubu, wakienda nje—" Akashikwa mkono, akaketishwa, na kamati ikabaki na kiti kimoja wazi kuanzia wiki iliyofuata.

Jasho likamtoka Mheshimiwa. Kote nchini mambo yalikuwa yamesimama. Kambini askari waliacha gwaride wakazunguka redio ya mpishi. Mabiharusi walikaa na hina mbichi mikononi.

"Umeshindwa?" akauliza Bi Mwanakheri.

Neno hilo Waziri hakuwahi kulisema. "Tuseme... nimeamua kuwaachia wengine nafasi."

"Basi nipe mji."

Pakalipuka kicheko cha furaha, maana ndiyo desturi, hata huko kwao: aliyeshindwa kitendawili anampa mtegaji mji, na mtegaji asipoupenda anaukataa mpaka apewe anaoutaka. Asipopewa, anaondoka na jibu lake. Mheshimiwa akapumua. Kugawa miji kwa maneno ilikuwa ndiyo kazi yake.

"Nakupa Kisima Kumi!"

"Siutaki, mwanangu. Hauna maji."

Watu wakaguna. Mshereheshaji akanyoosha mkono kwenye kipaza sauti, lakini angekizima vipi? Ilikuwa burudani ya utamaduni, na imeidhinishwa.

"Basi nakupa Mtakujaleo."

"Siutaki. Umeme wake unakuja na kiongozi, unaondoka na kiongozi."

"Nakupa Bandari Mpya!"

"Haijajengwa hiyo. Nitalala wapi?"

"Nakupa huu mji mkuu wote!" akafoka Mheshimiwa, ambaye sasa alijua kwamba kila mji anaoutaja unamvua nguo moja.

"Una mashimo barabarani, baba, na goti langu hili baya."

Kicheko kilikuwa kimeshavuka mabati kimeingia mitaani. Mheshimiwa akapanua mikono. "Ala! Bibi! Unataka mji gani basi? Sema mwenyewe tumalize!"

"Nipe Bustani ya Mikungu."

Jani moja la mkungu likaanguka, likasikika.

"Hiyo... siyo mji," akasema Mheshimiwa.

"Na mimi ni mtu mmoja tu, mwanangu. Mji wote wa nini?"

Mheshimiwa akatazama kamati yake. Kamati ilikuwa inatikisa vichwa. Akatazama mashoka. Bi Mwanakheri akafunga kanga yake vizuri, akageuka kushuka jukwaani polepole, hatua kwa hatua, na jibu lake kifuani. Akishuka hivi na mwanamume huyu akimwacha aende, basi. Jumatatu ni Jumatatu.

"Anaondoka nalo!" sauti ikapiga kelele. "Mpe! Tutalalaje?"

"Mpe! Mpe! Mpe!" Wakaitika wote, pamoja na polisi. Na kilichommaliza Mheshimiwa hakikuwa kelele zile. Alikuwa na yeye anataka kujua. Lilikuwa linamwasha kama upupu.

"Nakupa!" akasema. "Nakupa Bustani ya Mikungu! Haya, jibu!"

Bi Mwanakheri akarudi kwenye kipaza sauti. "Nilikwenda Bustani ya Mikungu uliyonipa," akaanza, kama inavyotakiwa. "Nikakuta lango limefungwa, nikalifungua. Nikapita kwenye majani nisionekane. Nikasikia kasuku anaongea, anabisha, anacheka, anapiga paja. Nikasema, huyu namjua, lakini sauti yake siijui. Kumchungulia..."

"Nani? Nani?"

"Mume."

Vigelegele vilivyopigwa viliwatimua kunguru wote mjini. Wa kwanza kucheka kule jukwaani alikuwa mke wa Waziri. Alicheka mpaka kilemba cha dhahabu kikaanguka, akimnyooshea mumewe kidole, hana hata neno la kuongeza. Wanaume walichelewa kidogo. Kila mmoja aligeuka kumtazama mwenzake.

*

Usiku baraza la mawaziri likakutana. Mheshimiwa Mapembe aliomba itamkwe kwamba ulikuwa mchezo tu. Haikuwezekana. Katika nchi ile neno la waziri redioni ni sheria, na kulifuta ni kukiri kwamba waziri aliwahi kukosea, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu uhuru. Wakajadiliana mpaka wakapata ufumbuzi, na asubuhi taifa likatangaziwa mafanikio makubwa ya Mpango wa Kukabidhi Nafasi Zilizo Wazi kwa Njia ya Vitendawili, ambao serikali ilikuwa imeuandaa kwa muda mrefu na kwa siri. Mheshimiwa akapewa nishani. Waziri wa Madini akapigwa marufuku kukaa karibu na bibi yeyote.

Mabati yaliondoka yenyewe. Hakuna aliyeona yanaondolewa, ila msimu ule majiko mengi ya uani yalipata paa zenye ndege wasiojulikana.

Jumatatu kamati ilifika kwa mmiliki mpya, kalamu mkononi.

"Bibi," akasema mtaalamu, "tungependa kujua una maboresho gani."

"Nimeshamaliza."

"Umemaliza? Umefanya nini?"

"Nimewatoa nyinyi. Kunyweni chai mwende."

Siku hiyo hiyo Mzee Songoro alivaa kofia yake, akatoka bila neno. Bi Mwanakheri alivumilia mpaka alasiri. Ikamshinda. Akajitanda kanga, akaenda kusimama nyuma ya ua wa michongoma, karibu na bomba. Alimsikia kabla hajamwona.

"...nawaambieni, yule Waziri alitoka jasho mpaka kwenye soksi!" Mzee Songoro alikuwa anapiga benchi kwa kiganja. "Na kitendawili chenyewe nani alikuwa hakijui? Mimi nilikijua zamani. Nilinyamaza tu, nisimharibie mama mwenye nyumba."

"Wacha wee!" wakamzomea wenzake. "Ulikuwa umekodoa macho kama sisi!"

"Nilikijua! Kwani wanaume wa namna hiyo hatuwaoni? Mtu anafika kwake, mke wa watu kapika, kapaka hina, kakaa, anangoja neno. Hasemi! Anakuwa jiwe! Jamani, mimi nawahurumia sana wake zao."

Bi Mwanakheri akajiziba mdomo kwa kanga. Alisimama pale mpaka cheko lilipomtua, akapitia kwa muuza samaki, akaenda kupika.

Magharibi mzee akaingia, akatundika kofia. Akanawa. Akala wali na changu wa nazi, akakwangua sahani, akaisogeza apakuliwe tena.

"Habari za bustanini?" mkewe akamuuliza, akimpakulia.

Mzee Songoro alifikiri kidogo, akapandisha nyusi.

"Njema," akasema. Na kwa siku ile hilo lilimtosha mkewe.